Kufuli Kooni

Bonge hawezi kumeza.

Tangu juzi hajameza tonge wala funda la maji, na katika toleo la wiki iliyopita tulimwacha sakafuni kwake, kijiko mkononi, uji umekwama, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mkewe alikuwa amepiga magoti kando yake. Mdogo wake alikuwa amesimama, amejishika kichwa, hajui la kufanya.

Mama Pacha hakungoja mtu amshauri. Alimgeuza mumewe kifudifudi, akamtandika kofi la mgongo ambalo lingemlaza mtu mwingine kitandani. Halikutosha. Akamtandika la pili. Uji ukaruka, ukatua kwenye kiatu cha mdogo mtu.

Bonge akavuta pumzi. Ilitoa sauti kama msumeno unaokata bati.

"Kiatu changu, kaka!" mdogo mtu akasema huku analia. "Kipya hiki!"

Huyu mdogo mtu wanamwita Domo. Ni kondakta, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa.

"Nyamaza," Mama Pacha akamwambia. "Lete maji. Na kijiko."

Domo akaleta. Mama Pacha akamkalisha mumewe, akamwegemeza ukutani, akamtia kijiko cha maji mdomoni. Hakuna aliyesema neno. Hata jirani aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ukuta alinyamaza.

Koo likapanda. Likashuka.

Yalikuwa maji ya kwanza kupita tangu juzi. Mama Pacha akaanza kulia bila sauti, akatia kijiko cha pili.

"Basi!" Domo akaruka. "Basi, yamepita! Si nilisema?"

Koo likafunga.

Lilifunga mbele ya macho yao, kama mlango unaosukumwa na upepo. Mishipa ya shingo ikasimama. Maji yakarudi kwa njia ya pua. Bonge akaishika shingo yake kwa mikono miwili, na macho yakamtoka.

Mama Pacha hakumtazama mumewe. Alimtazama shemeji yake. Alimtazama mdomo.

"Umesema nini?"

"Mimi? Nimesema yamepita."

"Kabla ya hapo."

"Nimesema basi. Kwani ni tusi?"

Bonge akakoroma tena.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti letu, Bonge ni fundi breki kwenye gereji ya mabasi. Mwili wake ulikuwa wa watu wawili na mlo wake wa watu wanne. Wenzake walimtania kwamba anayesimamisha magari ya watu hana breki ya mdomo. Kisha kikaja kisukari, na baada ya kisukari kidonda cha kidole gumba ambacho hakikutaka kupona. Daktari hakuzunguka. "Kilo au mguu," alimwambia. "Chagua kimoja upoteze."

Alijaribu kila kitu. Alikunywa maji ya moto, alitembea asubuhi, aliapa mbele ya wanawe pacha. Mchana alikutwa nyuma ya gereji amejificha na keki.

Ndipo mkewe akasikia habari za Mlazaji.

Mlazaji ni bwana mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, mwenye chumba juu ya duka la miwani. Anamlaza mtu kwa maneno. Macho yanafumba, masikio yanabaki wazi, na akili inapokea amri kama udongo mbichi unavyopokea alama ya kiatu. Watu wazima wameacha soda kwake. Wameacha chipsi. Mmoja aliacha kula kucha.

Siku ile Bonge alilala kwenye kiti kirefu, Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Mlazaji akasema kwa sauti ya chini:

"Neno la mwisho utakalolisikia kabla hujafumbua macho, hilo ndilo kufuli lako. Ukilisikia na una tonge mdomoni, umeshiba. Koo lako litafunga."

Kisha akasema neno alilolichagua makusudi, kwa sababu hakuna anayelisema ovyo: "Zumaridi."

Akanyamaza. Bonge alikuwa bado hajafumbua macho. Mama Pacha alikuwa amekaa mpaka amekufa ganzi, na alitegemea angalau moshi au radi. Akauliza kama wewe unavyomuuliza kinyozi anapokuvua kitambaa.

"Basi?"

Ni hilo tu. Kisha mumewe akafumbua macho.

Sasa, sakafuni, yote yalimrudia. Damu ikamwenda mbio. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimkataza mezani: "Zumaridi, Baba Pacha. Basi." Na jinsi alivyofurahi kijiko kilipoanguka! Alidhani ni zumaridi. Alishangilia suruali za mumewe zilipoanza kumvuka kiunoni. Majirani walishangilia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayeshinda gereji ya mabasi, ambako neno hilo linapigiwa kelele toka asubuhi hadi jioni, anarudi na chakula chake vile vile alivyofungiwa.

Na kila neno liliposemwa, kufuli lilizidi kukaza. Mwanzo lilizuia tonge moja. Baadaye mlo mzima. Sasa ni maji. Hospitali walipiga picha ya koo, wakasema ni zima, arudi wiki ijayo.

Mama Pacha akamvuta Domo hadi jikoni, akafunga mlango.

"Nisikilize, shemeji. Ni hilo neno lako."

"Neno gani?"

"Hilo la kumalizia. Ulilolisema sasa hivi. Kufuli limeingia kwenye hilo. Tukikaa kimya anameza, umeona mwenyewe. Tutamtia pamba masikioni, ale, apate nguvu. Ila yeye asijue! Akilijua atalifikiria, na akilifikiria atakuwa analisikia ndani ya kichwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Rudia."

"Asijue. Tusiseme basi."

"Usilitaje!"

"Sasa nitakubalije bila kulitaja? Basi, silitaji."

"Domo!"

"Shemeji, mimi ni kondakta! Hilo neno ndilo mkate wangu! Unadhani nikifika kituoni niite, njooni mpande lile dude refu lenye viti?"

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Leo alimshika ukosi.

Walimtia Bonge pamba masikioni, wakaifunga kwa mtandio. Mama Pacha akachukua uji. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Rangi ikaanza kurudi midomoni. Cha tatu kikapita, na Bonge akatabasamu, tabasamu la mtoto, akanyoosha mkono kumshika mdogo wake.

Domo akashindwa kujizuia. Mapenzi yakamzidi. Akamkumbatia kaka yake, akasogeza ule mtandio na pamba kidogo, akamnong'oneza sikioni kwa furaha:

"Utapona, kaka! Tumeshaligundua! Neno lenyewe ni basi!"

Tabasamu likafa.

Mama Pacha aliona mumewe anavyotazama mbele, midomo inacheza bila sauti. Akatia kijiko. Koo likafunga kabla kijiko hakijafika.

"Nalisikia," Bonge akasema kwa sauti iliyokauka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. "Ni mimi mwenyewe nalisema. Kila nikifungua mdomo. Mama Pacha, siwezi kunyamaza humu ndani."

Akajigonga kichwa kwa ngumi.

Domo alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakupigwa. Mama Pacha hakuwa na muda wa kumpiga.

"Ita gari," alisema.

Pacha walikuwa kwa bibi yao, na hilo lilimpa nafuu kidogo. Hakutaka watoto waone baba yao anavyobebwa kushuka ngazi.

Mlazaji aliwafungulia mwenyewe. Alipomwona Bonge, uso ulimshuka. Mtu aliyetoka pale na mashavu amerudi na mifupa.

"Mlazeni," alisema haraka.

Chumba kilikuwa kile kile. Kiti kirefu. Meza ndogo yenye birika la chai na kopo la sukari. Beseni la kunawia mikono, sabuni mpya juu yake. Mlango wenye ufunguo mrefu, ambao Mlazaji huuchomoa na kuutia mfukoni ili mteja asiingiliwe.

Mama Pacha alieleza. Alieleza kwa kuzunguka, maana kusema kitu kizima bila neno lile ni kazi kuliko unavyodhani. Jaribu mwenyewe leo nyumbani kwako mpaka jioni.

Mlazaji alimsikiliza, kisha kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo.

"Wewe ndiye uliyeuliza," alisema. "Kabla hajafumbua."

"Ni mimi."

"Nilisikia. Nikadhani halikuingia."

"Ulisikia?" Mama Pacha alimsogelea. "Ulisikia na ukanyamaza? Ukatupa na mkono, ukasema karibuni tena?"

"Mama, punguza sauti, mgonjwa..."

"Mgonjwa amekuwa mgonjwa wako! Alikuja hapa anakula!"

"Alikuja hapa anakufa kwa kula," Mlazaji akajibu, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye hasira zake. "Usisahau. Wewe ndiye uliyemleta."

Bonge kwenye kiti aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Fungueni," alinong'ona. "Mtagombana baadaye."

Mlazaji akavuta kiti, akakaa karibu na Mama Pacha.

"Mumeo ni fundi breki, kwa hiyo nitasema mnavyoelewa. Breki imeng'ang'ania. Nikiilegeza kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, kwa siku nne au tano, itaachia vizuri. Nikiikata leo hii, gari litatembea. Lakini sijui kama litasimama."

"Maana yake?"

"Maana yake neno hilo ndilo watu wote wanalojiambia wakishiba. Hata mimi. Hata wewe. Nikilichimba nikalitoa kichwani mwake, sijui nitang'oa na nini."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka kama cha ndege. Midomo imepasuka. Dawa za kisukari alikuwa hajameza tangu juzi. Siku nne!

"Wewe ungekuwa na mke kwenye kiti kile, ungefanyaje?"

Mlazaji akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Baba Pacha?" Mama Pacha akauliza.

Bonge alisogeza midomo. Haikutoka sauti, lakini mkewe alimwelewa. Kata.

"Kata," Mama Pacha akasema.

Domo alitumwa mikate. Alirudi na miwili, mmoja wa kujaribia na mmoja wa kusherehekea. Kisha akatolewa nje, akakalishwa kwenye ngazi, akaambiwa ajijaze mtandio mdomoni mwenyewe. Alifanya hivyo bila ubishi.

Mlazaji akapunguza sauti.

"Macho mazito. Mikono mizito. Unashuka. Unashuka zaidi."

Bonge akashuka. Mama Pacha alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kuuma ndani ya shavu. Aliogopa hata kukohoa.

"Kuna neno limekukaba. Ni la herufi chache. Nalishika. Nalivuta. Halipo tena. Hujawahi kulisikia. Wakilisema watu, wewe utasikia kimya. Ukilisema mwenyewe, utasema kimya. Hakuna kufuli. Hakuna mlango. Koo ni njia tupu."

Mwili wa Bonge ukashtuka mara moja, kama mtu aliyeota anaanguka.

Mlazaji akanyamaza. Mama Pacha akanyamaza. Chini barabarani pikipiki ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake. Sekunde zilikuwa ndefu kama ibada ya mazishi.

Bonge akafumbua macho.

"Naona njaa," alisema. Sauti yake ilikuwa nzima.

Mama Pacha akamegua mkate. Alimwaga makombo mpaka kwenye mapaja. Bonge akapokea, akatia mdomoni, akatafuna.

Koo likapanda. Likashuka.

Akatia kipande kingine. Mama Pacha akaishika roho yake mkononi. Ilibidi ajaribu.

"Basi," alisema.

Bonge akameza.

"Basi!"

Akameza tena, akachukua mkate wote.

Mama Pacha alipiga vigelegele mpaka vioo vya duka la chini, nadhani, vilitikisika. Mlazaji akafungua mlango, Domo akaingia mbio, mtandio unaning'inia mdomoni, akautema, akaanza kucheza katikati ya chumba.

"Basi! Basi, basi, basi! Kaka, basi! Kuna basi, kuna mabasi!"

Hata Mlazaji alicheka. Alikaa chini, akajifuta uso kwa tai yake.

Bonge alimaliza mkate wa kwanza. Akaanza wa pili.

"Tubakizie na sisi wa kusherehekea," Domo akasema.

Bonge hakuinua kichwa. Alikuwa hamegui tena. Aliuma mkate kama ulivyo, pamoja na karatasi yake.

Kicheko cha Mlazaji kiliisha kwanza.

"Baba Pacha," Mama Pacha akasema polepole, "tumbo lako limekaa kavu. Pumzika kidogo. Basi."

Bonge akamtazama midomo. Alikunja uso kama mtu anayezungumza kwenye simu mbovu.

"Umesema nini? Sauti imekatika."

"Nimesema basi."

"Imekatika tena." Akameza karatasi. "Kuna kingine?"

Macho yake yalizunguka chumba. Yalisimama kwenye kopo la sukari. Kabla mtu hajasogea, alikuwa amelishika, ameliinamisha, sukari inashuka mdomoni kama mchanga kwenye koleo.

"Kaka! Una kisukari!" Domo akamrukia.

Umesahau yule ni nani? Mikono ile imefungua magurudumu kwa miaka na miaka. Alimsukuma mdogo wake kwa kiwiko kimoja, wala hakumkasirikia. Domo akaenda kukutana na ukuta.

"Mrudishie!" Mama Pacha alimpigia kelele Mlazaji. "Mlaze! Mrudishie neno lake!"

"Hawezi kulala huku anatafuna," Mlazaji akasema. Alikuwa tayari amesimama. Alikuwa anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mgongo unaelekea mlangoni. "Lazima atulie kwanza. Mama, lazima ashibe kwanza."

"Atashibaje?"

Mlazaji akatia mkono mfukoni. Alikuwa na ufunguo. Alitoka, akavuta mlango, na Mama Pacha akasikia chuma kinazunguka kwa nje. Kisha viatu vikashuka ngazi mbio.

Bonge alikuwa kwenye beseni. Alikuwa anakula sabuni.

Aliila kama jibini, povu linamtoka pembeni mwa mdomo, machozi yanamtiririka. Hapo ndipo Mama Pacha alipoona lililomtisha kuliko yote. Mumewe alikuwa analia. Alijua anachofanya, na hakujua kinaachwaje.

"Nisaidie, mke wangu," alisema na povu. "Haliniambii. Tumbo haliniambii."

Mama Pacha alifanya ambalo ungefanya wewe. Alimkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, wenye pete ya dhahabu, akamziba mdomo.

Domo anasema hakusikia kilio. Alisikia kitu kinavunjika, kidogo, kama njugu. Alipofika kuwatenganisha, Mama Pacha alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia mkono wake, na gauni limeanza kulowa.

Hesabu ya vilivyopita kooni saa ile ni hii.

Mikate miwili na karatasi zake. Kopo la sukari lililokuwa limejaa. Sabuni nzima. Jino la mbele la Bonge, lililovunjikia kwenye dhahabu. Nyama ya kidole cha pete cha Mama Pacha, kuanzia kifundo cha kati. Na pete yenyewe, ambayo Domo aliitafuta chini ya kiti, chini ya meza, mpaka ndani ya kiatu chake kipya, huku kaka yake amesimama kando ya mlango uliofungwa, anamtazama, anatafuna.